Umerundika nguvu zote, adui hafi: kutafuta kosa katika mapigo ya Warcraft III

Chumba tunachochezea hapa Sinza kina kompyuta nne kuukuu zilizonunuliwa Kariakoo, swichi moja, nyaya zilizopitishwa chini ya mkeka na feni inayokoroma. Bando haliliwi, kwa sababu Warcraft III, gemu la vita la kompyuta, inachezeka kwa waya kutoka mashine hadi mashine. Gemu lenyewe ni la 2002, nyongeza yake The Frozen Throne ni ya 2003, na mashine za umri huo hazilemewi nalo. Vijana huingia jioni, joto likipungua. Na haipiti wiki bila mmoja wao kuvua hedifoni na kuniuliza kwa uchungu wa kweli: "Kaka, aura nimeweka, vifaa nimenunua, jeshi limejaa. Mbona hafi?"

Nalipenda swali hilo kwa sababu lina jibu. Warcraft III inaendeshwa na hesabu, na anayejua kuifuata hesabu hiyo ataona nguvu yake imepotelea wapi. Nitazichukua dalili tunazokutana nazo mara kwa mara, chanzo cha kila moja, na namna ya kuhakikisha kwa macho yako.

Njia ya pigo

Kabla ya dalili yoyote, ijue njia. Pigo likitoka kwa askari mpaka kumfikia adui linapita vituo, na vituo havirukwi, kama basi la mwendokasi kutoka Kimara: Ubungo kwanza, Magomeni baadaye, Kivukoni mwisho.

Kituo cha kwanza ni namba nyeupe unayoiona chini ya skrini ukimbofya askari. Hiyo ni nguvu yake ya asili, na kwa shujaa (askari mkuu anayepanda levo) imeshajumlisha sifa yake kuu. Cha pili ni namba ya kijani iliyo pembeni, inayokusanya bonasi za aura (nguvu ambayo mmoja anawamwagia wenzake walio karibu) na za vifaa. Cha tatu ni kuzidishwa, ikiwa shujaa ana Critical Strike na imemwangukia safari hiyo. Cha nne, aina ya pigo inapimwa dhidi ya aina ya deraya ya adui. Cha tano, kiasi cha deraya kinakata kilichobaki. Kinachotoka hapo ndicho kinachopunguza uhai.

Skrini inakuonyesha vituo viwili vya mwanzo tu. Vitatu vilivyobaki vinapitwa kimya, na huko ndiko nguvu nyingi ya vijana wangu inakoishia.

Dalili: nimeongeza Kodo wa pili, namba ya kijani haijasogea

Kodo, mnyama wa upande wa Orc, mojawapo ya majeshi ya gemu, amebeba ngoma. Uwezo huo unaitwa War Drums, na unawapa askari walio karibu naye asilimia 10 ya nguvu ya ziada kabla haujaboreshwa. Kijana analeta Kodo watatu akitegemea 30. Anapata 10.

Chanzo chake ni kwamba aura yenye jina moja haijirundiki. Gemu linatazama zote zinazomfikia askari, linashika iliyo kubwa, nyingine zinanyamaza. Ndivyo ilivyo pia kwa Devotion Aura (ya deraya) ya shujaa Paladin mkiwa wawili upande mmoja, na kwa Trueshot Aura (ya nguvu ya mapigo) ya shujaa Priestess of the Moon: mmoja akiwa na levo 3 na mwenzake levo 1, ile ya levo 1 haiongezi chochote. Msipange mashujaa kabla ya kukubaliana nani atachukua aura ipi, maana pointi ya levo ikishatumika si rahisi kuirudisha.

Kuhakikisha ni rahisi. Mbofye askari mmoja, soma namba ya kijani, kisha mwondoe Kodo mmoja mbali. Namba isipobadilika, huyo alikuwa hatoi kitu kwenye mapigo. Simaanishi kwamba Kodo wa pili ni hasara. Anameza askari wa adui, na wa kwanza akiuawa ngoma haizimiki. Mnunue kwa sababu hizo, siyo kwa kutegemea asilimia nyingine 10.

Sheria hiyo hiyo inagusa uchawi wa kumwekea mtu. Bloodlust (ya kasi) mara mbili kwa askari mmoja wa Grunt, Inner Fire (ya nguvu na deraya) mara mbili kwa askari mmoja wa Footman, Faerie Fire (ya kushusha deraya) mara mbili kwa adui mmoja: muda unaanza kuhesabiwa upya, nguvu inabaki ile ile.

Dalili: bonasi zina majina tofauti, lakini jumla ni ndogo kuliko nilivyopiga hesabu

Hapa kosa liko kwenye kikokotoo cha mchezaji. Bonasi za asilimia zinachukuliwa kutoka namba nyeupe peke yake. Hazigusi kilichoongezwa na kifaa.

Mchukue shujaa anayepiga kwa mbali mwenye namba nyeupe 40. Ana Claws of Attack, kifaa kinachoongeza nguvu 12, na yuko chini ya Trueshot Aura ya levo 3, ambayo ni asilimia 30. Wengi wanajumlisha 40 na 12, wanapata 52, kisha wanaongeza asilimia 30 na kutegemea 67 na kitu. Gemu linafanya hivi: asilimia 30 ya 40 ni 12, Claws ni 12, jumla 64. Kwa hiyo aura ina faida kubwa kwa mwenye namba nyeupe kubwa, na kifaa kina faida ile ile kwa yeyote atakayekibeba.

Jambo dogo linalosahaulika: Trueshot inawahudumia wapigaji wa mbali tu. Ukiona askari wa karibu hana kijani chini ya aura hiyo, hakuna kilichoharibika.

Dalili: kijani kimepanda, adui bado amesimama

Hii ndiyo dalili iliyonifanya niandike. Kijana ana wapiga mishale kumi na mbili, Priestess wake ana Trueshot levo 3, wote wanamlenga shujaa mmoja wa adui, na shujaa anatembea katikati yao kama anayevuka barabara saa sita usiku.

Tufuate pigo moja. Tuseme mshale una nguvu 20, ili hesabu iwe nyepesi. Aura inaongeza 6, tuna 26. Sasa kituo cha nne: mshale ni pigo la aina ya Pierce, la kuchoma, na deraya ya shujaa ni aina ya Hero. Pierce dhidi ya Hero inabaki asilimia 50. Tuna 13. Kituo cha tano: shujaa ana deraya 5, inayogawa pigo kwa 1.3. Tuna 10. Mchezaji aliona 26 kwenye skrini, adui amepokea 10.

Sasa iondoe aura kabisa. 20, nusu yake 10, gawa kwa 1.3, unabaki na 7.7 hivi. Kumbe aura ya levo 3, pointi tatu za shujaa, imeleta pointi mbili na kidogo kwa kila mshale. Badala ya mshale weka pigo la kawaida, Normal, lenye nguvu 20 ile ile na bila aura yoyote. Dhidi ya shujaa Normal inapita yote, asilimia 100, kwa hiyo anapokea 15.4. Pigo ambalo hujalirundikia kitu limelishinda lililorundikiwa kila kitu, kwa sababu ya kituo kimoja.

Vijana hushangaa kwa nini asilimia 30 na asilimia 50 hazitoani na kubaki 20. Nawapeleka dukani Kariakoo. Muuza vitambaa akikupunguzia nusu ya bei, kisha akapunguza robo ya iliyobaki, hukupunguziwa robo tatu, kwa sababu lile punguzo la pili lilikuta bei imeshashuka. Kitambaa cha 40,000 kimekuwa 20,000, kisha 15,000. Vituo vya nne na tano ndivyo vinavyofanya: kila kimoja kinakata kile kilichokifikia.

Ni vema kuzishika kichwani namba chache za kituo cha nne kwa The Frozen Throne. Pierce inapiga deraya Light kwa asilimia 200, ndiyo sababu wapiga mishale wanafagia warukao wengi, ila inapiga Medium kwa 75, majengo ya Fortified kwa 35 na mashujaa kwa 50. Normal inapiga Medium kwa 150 na majengo kwa 70. Siege, pigo la kubomoa, ni 150 kwa majengo na 50 kwa mashujaa. Magic ni 200 kwa Heavy, 35 kwa majengo, 50 kwa mashujaa. Pigo la shujaa mwenyewe ni 100 kwa wote isipokuwa majengo, ambako ni 50. Chaos haijali, ni 100 popote. Ukiona mapigo yako yanapotea, anza na namba hizi kabla ya kununua chochote.

Kuna upotevu mwingine usiohusu deraya, nao unafanana sana na huu. Mishale kumi na mbili ikitoka kwa pamoja kumwendea adui aliyebakiza uhai wa mishale mitatu, tisa imekwenda bure. Gawa jeshi mafungu mawili wakati wa kulenga. Na usipigane ukiwa bondeni na adui yuko juu: mapigo ya mbali yanayopanda mlima hukosa mara kwa mara.

Deraya haikati unavyodhani, na kuishusha ni hazina

Kanuni ni fupi: gawa pigo kwa 1 kujumlisha 0.06 mara deraya. Deraya 5 inagawa kwa 1.3, deraya 10 kwa 1.6, deraya 20 kwa 2.2. Ukielekeza kipanya kwenye alama ya deraya unaona asilimia za kinga, nazo ni 23, 37.5 na 54.5. Kwa kuwa asilimia hizo zinapanda polepole zaidi kila hatua, pale chumbani kulikuwa na imani kwamba deraya nyingi haina maana.

Hesabu mapigo badala ya asilimia. Adui mwenye uhai 1,000, wewe unampiga 100 kila mara. Bila deraya anakufa kwa mapigo 10. Akiwa na deraya 5, mapigo 13. Akiwa na 10, mapigo 16. Akiwa na 20, mapigo 22. Kila deraya tano zinamnunulia mapigo matatu, mwanzo hadi mwisho. Deraya inajirundika vizuri kabisa, na adui anayewarundikia watu wake Devotion Aura, Inner Fire na vifaa vya kinga anakuumiza kweli.

Dawa iko upande wa pili wa kanuni hiyo. Mshushe adui kutoka 5 hadi 0, na kila anayempiga, awe shujaa au askari wa kwanza kabisa kutoka kambini, anapata asilimia 30 zaidi bila wewe kuwanunulia kitu. Faerie Fire ya Druid of the Talon, Acid Bomb ya shujaa Alchemist na kifaa kiitwacho Orb of Corruption zote hushusha deraya. Kwa kuwa zina majina tofauti, makato yao yanajumlishana. Na deraya inaweza kwenda chini ya sifuri. Ikiwa hasi 5, mapigo yanaongezeka kwa karibu asilimia 27, hasi 10 kwa 46, hasi 20 kwa 71. Kule chini kanuni inabadilika na faida inazidi kupungua, haiwezi kufika mara mbili, kwa hiyo usimrundikie adui mmoja makato yote ilhali pembeni yake yuko mwenzake mwenye deraya 8 ambaye hajaguswa.

Onyo moja: Storm Bolt na uchawi mwingine wa kupiga moja kwa moja hauitazami namba ya deraya kabisa. Kumshusha adui deraya ili Storm Bolt imuume zaidi ni kupoteza mana, ile akiba ya kurushia uchawi.

Dalili: mapigo yanatua, uhai haupungui kabisa

Angalia kama adui amegeuka rangi kama kivuli. Mwenzako amemrushia Banish, uwezo wa shujaa Blood Mage. Banish inamwongezea adui madhara ya uchawi kwa asilimia 66, na wakati huo huo inamkinga na mapigo yote yasiyo ya Magic. Footman wako hawezi kumgusa. Mkicheza wawili wawili, semeni kwa sauti kabla ya kuitumia: Banish ni ya jeshi la uchawi. Timu mbili nzuri nimeziona zikivurugana kwa jambo hili moja.

Dalili: Critical Strike haiji ninapoihitaji

Blademaster, shujaa wa Orc, ana nafasi ya asilimia 15 ya kuzidisha pigo mara 2, 3 au 4 kulingana na levo. Kuzidisha huku kunakuja baada ya namba ya kijani, kwa hiyo Claws of Attack nazo zinazidishwa. Ndiyo maana vifaa vya nguvu vikimfikia yeye vinatisha kuliko vikimfikia mwingine. Kwa wastani wa mapigo mengi, levo 3 inamwongezea asilimia 45.

Tatizo ni neno wastani. Gemu halirushi shilingi upya kila pigo. Pigo la kwanza baada ya Critical Strike lina nafasi kama asilimia 3 tu, na kila likikosa, nafasi inaongezeka kwa kiasi hicho hicho, 6, karibu 10, karibu 13, mpaka itokee na kuanza upya. Katika mapigo matatu yanayofuata baada ya moja kutokea, nafasi ya kupata nyingine ni kama asilimia 18 kwa jumla. Ukitegemea mbili mfululizo kummaliza shujaa Archmage anayekimbia, unategemea kitu adimu. Mchezaji wetu hodari anafanya kinyume: anawapiga wanyama wa porini mara kadhaa bila Critical Strike, kisha ndipo anamwendea shujaa. Nimekaa nyuma yake nikihesabu, na inalipa.

Dalili: nimeongeza kasi ya kupiga, sioni tofauti kubwa

Kasi zinajumlishana, kisha muda wa kusubiri unagawanywa kwa jumla hiyo. Kila pointi ya Agility, sifa ya wepesi ya shujaa, ni asilimia 2, Bloodlust ni 40. Askari asiye na kitu akipewa Bloodlust anapiga asilimia 40 zaidi. Shujaa ambaye tayari ana Agility 25, yaani asilimia 50, akipewa Bloodlust ile ile anatoka 150 kwenda 190, ongezeko la 27 tu. Mpe kwanza askari kama Tauren.

Dalili: orb mbili, tabia moja

Orb ni kifaa chenye nguvu na tabia maalumu. Mbili kwa shujaa mmoja zinajumlisha namba zao za nguvu, lakini tabia maalumu inayofanya kazi ni moja. Searing Arrows, mishale ya moto, nazo zinagombania nafasi hiyo. Orb ya pili mpe shujaa mwingine.

Dalili: uchawi wa eneo unauma kundi dogo, kundi kubwa unalikwaruza

Shockwave, Carrion Swarm na Blizzard zina kikomo cha madhara kwa jumla. Ukishagusa wengi kupita kikomo, wanagawana. Sogeza pembe ya kurusha ili uwapate wanne muhimu badala ya kumi.

Kama hakuna kati ya haya: pima

Gemu linakuja na World Editor, programu ya kutengeneza ramani, na kwangu hicho ndicho chombo bora kuliko ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Tengeneza ramani tupu. Kwenye Object Editor nakili askari yeyote, mpe uhai 10,000, ondoa kupona kwake, deraya weka 0. Mweke mbele ya askari wako, ruhusu pigo moja, simamisha, soma uhai uliobaki. Kisha badilisha kitu kimoja tu: aura, au deraya 5, au aina ya deraya. Mwenye haraka anayebadilisha viwili kwa pamoja ataanza upya, nimemwona mara nyingi. Andika kwenye karatasi, maana umeme ukikatika kilichobaki ni hicho ulichoandika.

Ikiwa namba ulizopata haziendani na nilizotaja, fungua Gameplay Constants kwenye ramani mnayochezea. Humo mna ile 0.06 ya deraya, jedwali lote la aina za mapigo na kikomo cha kasi. Watengenezaji wa ramani huvibadilisha, na matoleo ya gemu, hasa tangu toleo jipya la Reforged la 2020, yamegusa namba za uwezo mbalimbali. Ndiyo maana pale chumbani mashine zote nne zina toleo moja. Ikiwa yako ni tofauti, hata kwenye waya hutauona mchezo wa mwenzako kwenye orodha. Na ramani ikiwa imefungwa isifunguke kwenye World Editor, lijaribu pigo ndani ya mchezo wenyewe: askari mmoja, adui mmoja, kabla jeshi halijatoka kambini.